Mguu wa Mama, Jiko la Mama

Kila siku Mwanarusi alianza kazi kwa kuzoa majivu. Baada ya swala ya alfajiri aliyakusanya majivu ya jana kwa kifuu, akaenda kuyamwaga nyuma ya ua, kisha akapanga kuni kavu kati ya mafiga matatu na kupuliza mpaka macho yakamtoka machozi. Moto ulipokubali, aliinjika sufuria ya uji. Halafu alikaa juu ya mbuzi akakuna nazi ya mchana, huku mguu mmoja ukimfukuza kuku aliyekuwa akivizia machicha.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba kubwa, mama yake alikuwa ameketi juu ya kiti cha magurudumu.

"Umetia maji kiasi gani?" mama aliuliza.

"Vikombe vinne, mama."

"Punguza kuni. Nasikia uji unaruka."

Mwanarusi alichomoa kijinga kimoja, na kweli uji ukatulia. Mama yake, Bi Mejumaa, aliweza kulisikia jiko kwa mbali. Alijua kitunguu kimeanza kuungua kabla Mwanarusi hajakiona. Lakini kuingia jikoni hakuweza.

Huo ulikuwa mwaka 1956, nao walikaa maili mbili kusini ya Msambweni. Mwaka uliotangulia Bi Mejumaa alikuwa amepanda darini, juu ya moto, kuteremsha mahindi ya mbegu. Boriti moja ilikuwa imeliwa na mchwa kwa ndani bila mtu kujua. Ilikatika, naye akaanguka chali juu ya kinu. Uti wa mgongo uliumia. Alilazwa hospitali Mombasa miezi mitano, na aliporudi nyumbani alirudi na kiti kile kizito cha mbao na chuma. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakusikia kitu, baridi wala moto.

Daktari wa Mombasa alimpa agizo moja kubwa. "Miguu isiyosikia inahitaji macho," alimwambia. "Kila siku iangaliwe, juu na chini. Jeraha dogo usilolijua linaweza kukuua."

Kazi hiyo alipewa Mwanarusi. Kila siku kabla ya magharibi aliiosha miguu ya mama yake, akaikausha na kutazama nyayo, vifundo na visigino. Mama alimwuliza, "Miguu iko vipi?" Naye alijibu, "Salama, mama."

Wakati mama alipokuwa hospitali, shangazi wa Mwanarusi, jina lake Mwanakombo, alikuja kutoka Lunga Lunga kuwapikia. Lakini shangazi naye alikuwa na watoto wake. Mama aliporudi, shangazi alikaa wiki tatu, kisha akaaga. Siku ya pili yake Mwanarusi alikitundika kifuko chake cha madaftari ukutani. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, darasa la nne, na hesabu ndiyo iliyokuwa somo alilolipenda kuliko yote. Sasa miezi miwili ilikuwa imepita bila yeye kufika shuleni.

Baba yake, Mzee Waziri, alifanya kazi katika kiwanda cha sukari kule Ramisi. Alikuja nyumbani Jumamosi na kurudi kazini Jumatatu alfajiri. Aliwaachia amri moja tu.

"Mama yako asikaribie jikoni," alimwambia Mwanarusi. "Moto hauchezewi na mtu asiyeweza kuukimbia."

Hata angetaka, kiti kisingepita. Jiko lilikuwa kibanda peke yake nyuma ya nyumba, chenye kuta za udongo na paa la makuti. Mlango wake ulikuwa mwembamba, na kizingiti chake cha mti kiliinuka shubiri nzima kutoka chini.

Jumanne moja, saa tano za asubuhi, Bi Mejumaa alimwita binti yake.

"Nipeleke jikoni."

Mwanarusi alisimama na ungo mkononi. "Baba amekataza, mama."

"Baba yako yuko Ramisi. Mimi nimechoka kupika kwa mdomo. Leta jamvi."

Mwanarusi alisita. Lakini aliutazama uso wa mama yake, akaona kwamba hilo halikuwa jambo la mchezo. Alikisukuma kiti mpaka mlangoni, akatandika jamvi, akakishikilia kiti kwa nguvu zake zote. Bi Mejumaa alijishusha kwa mikono yake, akakaa juu ya jamvi, na Mwanarusi akamvuta polepole akamvusha kizingiti hadi kando ya mafiga. Miguu aliinyoosha upande, akaifunika kwa leso.

Kwanza hakufanya kitu. Alilitazama jiko kama mtu anayetazama nyumba aliyozaliwa. Kisha aliomba kisu, vitunguu na bakuli la tui. Alipika muhogo wa nazi na samaki mkavu, mikono yake ikienda huku na huku, akionja, akitikisa kichwa, akiongeza ndimu. Mwanarusi hakuwa amemwona mama yake na uso ule tangu siku aliyoanguka.

"Maji yamekwisha," alisema mama. "Nenda kisimani. Lakini urudi upesi, usiniache sana."

Kisimani Mwanarusi alimkuta Dama, aliyekuwa akisoma naye darasa moja. Dama alikuwa binti wa Fundi Mramba, seremala, na siku hiyo walimu walikuwa wamewafungulia mapema.

"Tumeanza sehemu," alisema Dama, akafungua daftari lake. "Mwalimu anasema nusu na robo zinajumlishwa, lakini mimi sioni vipi."

Mwanarusi aliweka ndoo chini. Alichukua kijiti, akachora mchanga. Alichora andazi, akaligawa mara mbili, akaligawa mara nne. "Nusu moja ni sawa na robo mbili," alisema. "Sasa ongeza robo nyingine. Zimekuwa ngapi?"

"Robo tatu," alisema Dama polepole.

Wakafanya nyingine, na nyingine tena. Mwanarusi alikuwa na njaa ya hesabu kama mtu aliyefunga, na alipoinua kichwa kivuli cha kisima kilikuwa kimehama. Alijitwika ndoo akaenda mbio, maji yakimmwagikia mabegani.

Alimkuta mama yake palepale, jasho likimtiririka, chakula kimeiva na kufunikwa.

"Nilidhani kisima kimehamia Shimoni," alisema mama, lakini alitabasamu. "Tazama kitambaa cha kuepulia. Nilisikia harufu ya kitu kuungua."

Kitambaa kilikuwa kizima. Mwanarusi hakutafuta zaidi. Walikula, na muhogo ulikuwa mtamu mno.

Ilipofika saa ya kuosha miguu ndipo Mwanarusi alipoona. Upindo wa leso ulikuwa na tundu jeusi. Na kwenye kisigino cha mguu wa kushoto, upande wa nje ambao mama hakuweza kuuona, palikuwa na lengelenge kubwa kama yai la kwale. Kaa la moto lilikuwa limeruka likatua pale, likamuunguza, naye hakusikia lolote.

Mwanarusi alishika mguu ule. Alifikiri mambo mawili kwa pamoja. Baba akijua, mama hataliona jiko tena. Na baba akiuliza, "Wewe ulikuwa wapi?" atajibu nini?

"Miguu iko vipi?" mama aliuliza.

"Salama, mama."

Ile leso aliikunja akaificha chini ya nguo nyingine.

Siku ya pili alipaka mafuta ya nazi. Jumatano hiyohiyo lengelenge likapasuka, naye akakumbuka kwamba alimwona jirani mmoja akitia unga wa ngano juu ya kidonda cha moto, basi akatia unga. Alhamisi unga uliganda, na chini yake pakatoka maji ya manjano. Kila alasiri mama aliuliza swali lilelile, na kila alasiri Mwanarusi alijibu neno lilelile. Siku ya kwanza neno hilo lilikuwa zito kulitamka. Siku ya tatu lilitoka lenyewe, na hilo lilimtisha zaidi.

Ijumaa Bi Mejumaa alianza kutetemeka. Alijifunika leso mbili na blanketi, na jua lilikuwa kali.

"Hii ni homa ya mbu," alisema. "Nichemshie mwarobaini."

Mwanarusi alichuma majani, akayachemsha, akaleta kikombe. Mama alikunywa, akakunja uso kwa uchungu, akapumzika, akanywa tena mpaka kikombe kikaisha. Jioni aliomba kingine. Mwanarusi alisimama kando akimtazama mama yake akinywa dawa chungu ya ugonjwa ambao hakuwa nao.

Jumamosi asubuhi mama hakuitikia alipoamshwa mara ya kwanza. Alipofungua macho, yalikuwa mekundu. Mwanarusi alipiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, si mbu. Ni mguu wako."

Bi Mejumaa alimtazama. "Mguu una nini?"

"Umeungua. Tangu Jumanne."

"Lete kioo."

Mwanarusi alileta kioo kidogo cha baba cha kunyolea, akakishika nyuma ya kisigino. Mama aliinua kichwa akatazama. Kidonda kilikuwa kimeingia ndani, na wekundu ulikuwa umepanda mpaka kwenye kifundo. Kisha akakirudisha kichwa mtoni.

"Nilikuuliza kila siku," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ukaniambia salama."

"Niliogopa baba atakuzuia jiko. Na niliogopa ataniuliza nilikuwa wapi. Nilikaa kisimani nikifanya hesabu na Dama." Machozi yalikuwa yakimdondoka, lakini aliendelea mpaka akamaliza yote, hata habari ya unga na ya leso iliyofichwa.

Bi Mejumaa hakumpiga wala hakumpigia kelele. Alisema kwa sauti ya chini, akipumzika kati ya maneno. "Mwanarusi, mguu huu ni wangu. Hauniambii kitu, lakini ni wangu. Yaliyoupata ni haki yangu kuyajua, mazuri na mabaya. Mmenifanya mtoto mchanga, mkaanza kunifichia mambo yangu. Sasa nenda kamwite Fundi Mramba. Baba yako akifika tutakuwa tumekwisha kwenda hospitali."

Fundi Mramba alikuja bila kuuliza mengi. Walimkalisha Bi Mejumaa kwenye kiti, fundi akasukuma na Mwanarusi akavuta kamba mbele kila magurudumu yalipozama mchangani. Maili mbili ziliwachukua saa nzima na zaidi.

Hospitali ya Msambweni walipokewa na dresa mmoja, mfunga vidonda, mtu mzima jina lake Randu. Aliosha kidonda kwa maji yaliyochemshwa, akaondoa unga kidogo kidogo kwa koleo.

"Nani ametia hiki?"

"Mimi," alisema Mwanarusi.

"Unga ni chakula, binti yangu. Wewe unakula, na vijidudu vinakula. Mtu akiungua, mwagia maji safi ya baridi kwa muda mrefu, funika kwa kitambaa safi, kisha mlete kwetu. Usipake mafuta, usitie unga, usitie majivu." Alijaza sindano ya penisilini. "Mmefika kwa bahati. Kama mngengoja wiki nyingine, tungekuwa tunazungumza habari ya kuukata mguu, au ya mazishi."

Bi Mejumaa alilazwa siku kumi na mbili.

Mzee Waziri alifika hospitali alasiri ileile, vumbi la lori bado liko kwenye nguo zake. Alipokwisha kusikia yote, alikaa kwenye benchi kando ya kitanda. Mwanarusi alisimama ukutani akingoja.

"Basi," alisema baba. "Jiko halitaingiwa na mama yako tena. Na wewe, habari ya shule imekwisha. Utakaa nyumbani, umtazame usiku na mchana."

 Lakini Bi Mejumaa alijiinua kwa viwiko.

"Baba Mwanarusi, nisikilize," alisema. "Mimi nilivunjika mgongo. Mikono yangu haikuvunjika, wala akili yangu. Nikikaa pale uani kutwa nikitazama kuku, nitakufa polepole, na huyu mtoto atakuwa mama wa nyumba kabla hajajua kuandika barua. Mtakuwa mmewafunga watu wawili kwa ugonjwa wa mtu mmoja."

"Na moto?" aliuliza baba. "Nikurudishe kwenye moto uliokuunguza?"

Dresa Randu alikuwa kitanda cha pili akibadilisha bandeji. Alisema bila kugeuka, "Samahani, mzee, kwa kuingilia maneno yenu. Bibi hakuungua kwa sababu alipika. Aliungua kwa sababu alishushwa chini akakaa pamoja na moto, na hakuvaa viatu. Badala ya kumshusha yeye, upandisheni moto. Mwacheni juu ya kiti chake."

Mzee Waziri alikuna ndevu. "Upandishwe," alisema kama anayezungumza peke yake. "Kule kiwandani hakuna anayechochea tanuri huku amekaa chini. Mlango wa tanuri uko hapa." Akaonyesha kiunoni.

Aliomba ruhusa ya wiki mbili kazini. Jumatatu yeye na Fundi Mramba walisimama mbele ya kibanda cha jiko. Fundi aliutazama mlango, akakitazama kizingiti, akapiga teke ukuta ili aone ugumu wake.

"Kizingiti kitoke, mlango upanuliwe, na meza ya moto ijengwe pale," alisema. "Kimo chake kiwe kiasi gani? Mwanarusi, wewe unakisukuma kiti kila siku. Mapaja ya mama yako yako juu kiasi gani kutoka chini?"

Mwanarusi aliinua mkono kuonyesha, kisha akaushusha. Alikiona kiti kichwani mwake wazi kabisa, lakini hakuwa na hakika kama ni futi mbili au zaidi. Ingekuwa rahisi kutaja kitu.

"Sijui, fundi," alisema. "Sijapata kupima. Twende tukamwulize mwenyewe."

Baba yake aligeuka kumtazama. Fundi Mramba alicheka kidogo. "Umesema kweli. Nusu ya mbao nilizoziharibu maishani mwangu niliziharibu kwa kukisia."

Wakaenda Msambweni na kamba ya katani. Bi Mejumaa alikalishwa kwenye kiti, na fundi akapima. Fundo la kwanza, kutoka sakafuni mpaka juu ya mapaja. Fundo la pili, mpaka kwenye kiwiko. Fundo la tatu, mkono unapofika ukinyooshwa. Fundo la nne, upana wa kiti kutoka gurudumu hadi gurudumu.

"Hapo ongeza ngumi moja kila upande," alisema Bi Mejumaa. "Ninayasukuma magurudumu kwa mikono. Mlango ukibana, utanichuna vidole."

Fundi akaongeza.

"Na moto," aliendelea, "msiuweke mbele yangu. Kaa likiruka litaniangukia mapajani. Uwekeni mkono wangu wa kulia, juu ya kitako cha mawe. Mbele yangu niwekeeni meza tupu, wazi chini, magoti yaingie. Nitakata na kuchanganya mbele, kisha nigeuke niinjike."

"Moto uwe usawa wa kiwiko?" aliuliza fundi.

"Hapana. Sufuria ikikaa juu yake sitaona ndani, nitapika kama kipofu. Uwe chini kidogo kuliko meza."

Mzee Waziri alikuwa akisikiliza, mikono nyuma. "Mama Mwanarusi," alisema, "haya yote uliyafikiri lini?"

"Miezi miwili nimekaa nje ya mlango wangu mwenyewe nikilitazama jiko," alisema mkewe. "Hakuna aliyeniuliza."

Kazi ilichukua siku sita. Waling'oa kizingiti na kupanua mlango. Walijaza kokoto na udongo mlangoni, wakashindilia, wakapiga chokaa juu, ukawa mteremko mrefu usiochosha mikono. Sakafu ya ndani pia waliishindilia mpaka ikawa ngumu, ili magurudumu yasizame. Kitako cha moto walikijenga kwa mawe na udongo, na pembeni wakainua ukingo wa vidole vinne ili makaa yasiporomoke. Fundi alitengeneza meza ya mbao za mfenesi. Mbuzi, ambayo hukaliwa, aliing'oa ulimi wake wa chuma akaupigilia kwenye ukingo wa meza, ili mtu aweze kukuna nazi akiwa juu ya kiti. Boriti zote za dari walizigonga moja moja kwa nyundo, na mbili zilizotoa sauti ya mchwa wakazitoa.

Jirani mmoja alipita akasema mbele ya watu kwamba ni aibu mgonjwa kupikishwa. Mzee Waziri alimjibu kwamba mwenye kupika ndiye aliyeagiza, na akaendelea kukanda udongo.

Bi Mejumaa alirudi nyumbani Alhamisi, kidonda kimeanza kufunga. Alijisukuma mwenyewe mteremkoni, akapita mlangoni bila kugusa upande wowote, akasimama katikati ya jiko lake. Wote walimtazama. Aliingiza magoti chini ya meza, akageuka kulia, akageuka kushoto. Kisha akainua macho kwenye rafu.

"Nani ameweka chumvi kule?"

Fundi na baba walitazamana. Rafu ilikuwa usawa wa vichwa vyao.

"Mmeiweka mnapofikia ninyi," alisema Bi Mejumaa. "Na mtungi wa maji uko chini mno, nikiinama nitaanguka. Shusheni ile, pandisheni huu."

Wakafanya hivyo palepale. Siku hiyo alipika wali wa nazi na maharage. Alivaa viatu vya raba alivyopewa na dresa, na mapajani alitandika gunia lililolowekwa maji. Mzee Waziri alisimama mlangoni muda wote na ndoo ya maji mkononi, mpaka mkewe alipomwambia aitue, kwani ilikuwa ikimtia wasiwasi kuliko moto. Chakula kilipopakuliwa, Fundi Mramba alikula sahani mbili.

Kabla ya magharibi Mwanarusi alileta bakuli la maji na taulo. Alimwosha mama yake miguu, akaitazama, kisha akasema, "Kidonda ni kidogo kuliko nilivyokiona hospitali. Ukingoni pana wekundu kiasi cha ukucha. Kwenye kidole kikubwa pana mchubuko ambao kule haukuwepo, nadhani uligonga meza."

"Nipe kioo nione," alisema mama. Alitazama, akaridhika. Alimvuta binti yake akamkalisha kando ya kiti.

"Sikiliza nikuambie," alisema. "Ulidanganya kwa sababu ulinipenda na kwa sababu ulijipenda. Watu wengi hudanganya hivyo. Lakini uongo ulikaa katika mguu wangu ukaoza siku nne. Ukweli uliniuma kwa kitambo, kisha ukanifikisha hospitali. Tena kumbuka alipokuuliza fundi kipimo. Nimeambiwa ulisema hujui. Neno hilo ndilo lililolileta jiko hili. Anayetaka kumsaidia mtu huanza kwa kumwambia kweli, kisha humwuliza yeye mwenyewe anataka nini."

"Nimesikia, mama."

"Haya. Baba yako amekubali urudi shuleni. Na hesabu zako zimefika wapi?"

"Kwenye sehemu. Dama amenitangulia sana."

Jumatatu Mwanarusi aliamka kama kawaida, akasali, akaenda jikoni kuzoa majivu. Alimkuta mama yake ameshawasha moto, sufuria ya uji iko juu na nazi imekunwa nusu. Mwanarusi alichukua ufagio, akafagia pembe moja, akasogeza kuni, akatafuta kitu kingine cha kufanya.

Nje Dama alipiga hodi.

"Karibu," aliitikia Bi Mejumaa, kisha akamgeukia binti yake akiwa na mwiko mkononi. "Kunywa uji wako, chukua madaftari, utoke jikoni kwangu. Utachelewa."